Babu Alipanda Daraja Gani? Kuzielewa Orodha za Zamani za Abiria wa Meli

Mwezi uliopita jirani yangu wa Kirumba alinijia na simu mkononi. Alikuwa ametazama video ya mama mmoja wa Marekani aliyeandika jina la babu yake kwenye tovuti, akabonyeza, na papo hapo ukatokea ukurasa wa zaidi ya miaka mia moja iliyopita: jina la babu, umri, kazi, meli aliyopanda, hata fedha alizokuwa nazo mfukoni siku aliyoshuka. Jirani yangu ni mjukuu wa Mhindi aliyekuja Mwanza akauza vitambaa. Naye alikuwa amejaribu kuandika jina la babu yake kwa tahajia tatu tofauti, asipate kitu. Kisha mtu mmoja mtandaoni akamwambia atume shilingi laki mbili, apatiwe "orodha kamili ya meli zote za Wahindi".

"Nitume, jirani?" akaniuliza.

Nikamwambia asubiri kwanza. Orodha kamili ya meli zote za Wahindi haipo duniani, na anayedai anayo anauza hewa. Lakini jambo linalomsumbua jirani yangu lina uzito, na nimelisikia kwa wengi hapa Mwanza, Musoma na Bukoba: kwa nini Mmarekani anampata babu yake kwa dakika moja, na sisi tunatoka mikono mitupu?

Tuanze na maana. Orodha ya abiria ni karatasi iliyoandikwa na karani wa kampuni ya meli, au na nahodha mwenyewe, ikitaja nani wamo chomboni katika safari fulani. Si tiketi, kwa kuwa tiketi hukaa na abiria. Si pasi ya kusafiria, ambayo serikali humpa mtu ili atambulike. Orodha ni ya wenye meli na wenye bandari. Iliandikwa kabla ya kung'oa nanga, ikakabidhiwa kwa maofisa wa upande mmoja au wa pili, na kama imehifadhiwa, imehifadhiwa huko ilikokabidhiwa. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza "jina la babu liko wapi?", uliza kwanza: nani aliihitaji karatasi hii, na aliihitaji kwa kazi gani? Ukishindwa kulijibu hilo, utatafuta mpaka macho yaume.

Sisi wa Mwanza hatuhitaji mfano wa mbali ili tulielewe jambo hili. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia kufika hapa. Karatasi za meli zilionyesha abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ndiyo maana mpaka leo idadi kamili ya waliokufa hutajwa kwa kukisia, na ndiyo maana pale makaburini Igoma wamelala watu ambao jamaa zao hawakuwahi kuoneshwa kaburi lenye jina. Hawa wa daraja la tatu walilipa nauli, walipanda mchana kweupe, wala hawakujificha. Ila hakuna aliyewaandika.

Shika picha hiyo, maana ndiyo hadithi ya orodha za meli duniani kote. Kuandikwa kulitegemea ulipanda daraja gani, ulipita bandari ipi, na kama kuna serikali iliyotaka kukuhesabu.

Waliohesabiwa

Marekani ilitaka kuhesabu mapema. Kwa sheria ya mwaka 1819, kuanzia 1820 kila nahodha aliyetia nanga kutoka ng'ambo alitakiwa kumkabidhi ofisa wa forodha orodha ya abiria wake. Mwanzoni ilikuwa karatasi fupi: jina, umri, jinsi, kazi, anakotoka. Kadiri wahamiaji walivyoongezeka na woga wa wenyeji kuongezeka, maswali nayo yakaongezeka. Unajua kusoma? Nani kakulipia nauli? Unamfuata nani, na anakaa mtaa gani? Una fedha kiasi gani? Kituo cha Ellis Island, katika bandari ya New York, kilipokea watu wapatao milioni 12 kati ya mwaka 1892 na 1954, na kurasa zao zinasomeka bure mtandaoni. Mama wa kwenye video alikuwa anavuna matunda ya serikali iliyokuwa na hamu kubwa ya kuwajua wageni wake.

Uingereza nayo ina hazina yake, katika jengo la nyaraka za taifa kule Kew, London. Orodha za walioingia zinaanzia 1878, za walioondoka 1890, na zote zinaishia 1960. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi wetu. Orodha hizo ni za safari ndefu zilizoanzia au kuishia bandari za Uingereza. Mmisionari aliyepanda London kuja Mombasa, au karani aliyerudi kwao likizo, yumo. Aliyetoka Bombay moja kwa moja hadi Mombasa hayumo, hata kama meli ilikuwa ya kampuni ya Kiingereza na ilipepea bendera ya Kiingereza. Meli hiyo haikugusa Uingereza, kwa hiyo karatasi zake hazikuwa na sababu ya kufika London.

Ujerumani inafundisha jambo lingine. Hamburg ilitunza orodha za waliohama kupitia bandari yake kuanzia 1850 hadi 1934, tena zikitaja mji au kijiji cha mtu. Bremen, bandari jirani, ilikuwa nazo pia, lakini nyingi zilichomwa makusudi kwa kukosa nafasi ya kuziweka, na nyingine zikapotea katika vita. Ndugu wawili wangeweza kutoka nyumba moja, kila mmoja akapitia bandari yake, na leo mmoja ana ukurasa na mwenzake hana hata mstari.

Na Wahindi? Wapo Wahindi walioandikwa kwa undani kuliko hata Wazungu: vibarua wa mkataba. Meli Truro ilitia nanga Durban tarehe 16 Novemba 1860 ikiwa na kundi la kwanza la vibarua wa mashamba ya miwa ya Natal. Mpaka 1911 walikuwa wamepelekwa huko watu 152,184, na kila mmoja alikuwa na namba, jina la baba, kijiji, umri, hata makovu ya mwilini. Aliyewaandika hakufanya hivyo kwa mapenzi. Alitaka kibarua akitoroka akamatwe. Leo wajukuu wao wanalijua kovu la babu lilikuwa goti lipi, na sababu ya kulijua inaumiza.

Sasa tuje ziwani kwetu

Wengi hapa huamini kuwa kila Mhindi wa Afrika Mashariki ni mjukuu wa aliyejenga reli. Si kweli, na kosa hili huwafanya watu watafute mahali pasipo. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, mahali panapoitwa leo Kisumu, Desemba 1901. Waliletwa vibarua karibu 32,000, wengi kutoka Punjab kupitia bandari ya Karachi. Karibu 2,500 walifia kazini. Waliobaki baada ya mkataba hawakufika 7,000. Wengine walirejeshwa kwao. Wenye maduka wa Mwanza, Nansio, Magu na Musoma kwa sehemu kubwa ni kundi jingine kabisa: watu wa Gujarat na Kachi, magharibi mwa India, waliojilipia nauli wenyewe, wakimfuata mjomba au mtu wa kijiji chao aliyetangulia. Tajiri Allidina Visram, mzaliwa wa Kachi aliyefariki 1916, alitapakaza maduka mpaka pande hizi za ziwa, na vijana wengi walianza kwa kuajiriwa dukani kwake.

Huyo aliyejilipia hakuwa mali ya mtu, kwa hiyo hakuna aliyehofia atatoroka, wala hakuna aliyekuwa na haja ya kumwandikia kovu. Uhuru wake ndio uliomfanya asionekane kwenye karatasi. Alipanda kama abiria wa sitaha, analala juu ya mkeka wake mwenyewe, na masanduku ya bati pembeni. Kabla ya meli za moshi kuzoeleka, wengi walikuja kwa jahazi, wakisukumwa na upepo wa kaskazi kutoka Mandvi, Porbandar au Maskati na kungoja upepo wa kusi uwarudishe. Waarabu waliokuja kufungua maduka huku Usukumani walipita njia hiyo hiyo. Nahodha wa jahazi alijua abiria wake kwa sura na kwa deni. Karatasi ilikuwa nadra.

Kuna jambo jingine ambalo hata wenyeji hulisahau. Babu aliyeishi Mwanza kabla ya 1928 si lazima awe alishukia Dar es Salaam. Reli ya Kati ilipita Tabora kwenda Kigoma, na tawi la kuja Mwanza lilifika mwaka 1928. Kabla ya hapo njia rahisi ilikuwa Mombasa, kisha garimoshi hadi Kisumu, kisha meli za ziwani kama Winifred, Sybil na Clement Hill. Hata wakati wa Mjerumani bidhaa za Mwanza zilipitia reli ya Mwingereza. Basi anayetafuta mzee wa enzi hizo aanzie nyaraka za Nairobi kabla ya zile za Dar. Nimeona watu wakipoteza miezi kwa kutolijua hili.

Ukitaka kuona tofauti kati ya anayehesabiwa na asiyehesabiwa, itazame bandari ya Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1940. Huku meli zinashusha abiria wa sitaha kutoka Bombay, ambao majina yao ukiyatafuta leo utasaga meno. Huku wanaondoka wakimbizi wa Kipolandi waliokaa miaka ya vita katika kambi za Afrika Mashariki, mojawapo ikiwa Koja, ufukweni mwa ziwa hili hili upande wa Uganda. Meli General Langfitt iliwachukua zaidi ya elfu moja kati yao, ikawafikisha Fremantle, Australia, Februari 1950. Australia ilitaka kujua inampokea nani, kwa hiyo mjukuu wa Mpolandi wa Koja ana karatasi za kutosha. Bandari ni moja, miaka ni ile ile.

Msiba nao huandikisha watu. Tarehe 23 Novemba 1942 meli Tilawa, iliyotoka Bombay kuelekea Mombasa na kusini zaidi, ilipigwa na nyambizi ya Japani. Kati ya watu 958 waliokuwamo, 280 walikufa. Kwa sababu ya vifo hivyo majina yamekusanywa na familia zimetafutana, jambo ambalo halikufanyika kwa mamia ya safari zilizofika salama. Tena wapo wazee wa huku ambao hawakuja kwa meli bali waliondoka nayo, kwenda vitani. Meli Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo, ikazamishwa njiani tarehe 12 Februari 1944, na watu 1,297 wakapotea, wakiwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kama kwenu kuna babu "aliyekwenda Burma asirudi", majina ya waliokufa baharini yamechongwa katika makaburi ya vita ya Nairobi, na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola inaruhusu kuyatafuta mtandaoni bila malipo.

Jina lilibadilishwa na nani?

Husemwa sana kwamba ofisa wa uhamiaji alimbadilishia babu jina alipofika. Hata Wamarekani huamini hivyo kuhusu Ellis Island, na si kweli. Ofisa wa pale hakuandika majina. Aliyakagua kwenye orodha iliyokwisha andikwa na karani wa kampuni ya meli, huko abiria alikopanda. Mara nyingi waliobadilisha majina ni wahamiaji wenyewe, baadaye, ili kazi ipatikane au majirani waweze kuyatamka.

Kwetu tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa jina lilivuka aina mbili za herufi na masikio mawili. Mgujarati anataja Kassam. Karani mmoja anaandika Cassum, mwingine Kasam, wa tatu Qasim. Juu ya hilo, Mhindi wa zamani alijitambulisha kwa jina lake na la baba yake, na jina la ukoo lilikuja kutumika baadaye sana watoto walipoanza shule. Jirani yangu alikuwa anatafuta ukoo ambao huenda babu hakuwahi kuutaja kwa karani yeyote. Kwa Masingasinga ndiyo balaa, maana ukiandika Singh unafungua mlango kwa maelfu. Tafuta jina la baba na kijiji. Kwa Mwarabu, fuata "bin". Na ukifika kwenye ukurasa wenyewe, usome kwa sauti. Karani aliandika alichosikia, kwa hiyo sikio lako litalitambua jina kabla ya jicho.

Jingine lililoumiza watu: kutomkuta babu kwenye orodha si ushahidi kwamba aliingia kwa magendo, wala kwamba wazee walidanganya. Na kumkuta si cheti cha uraia. Orodha inaonyesha kwamba mtu mwenye jina hilo alitarajiwa kusafiri siku hiyo. Basi. Hata waliokata tiketi wasipande wamo, majina yao yakiwa yamepigwa mstari.

Sanduku la bati

Nilimwomba jirani asimulie anachokijua kabla hatujagusa mtandao. Alisema: "Babu alikuja na Karanja, mwaka 1945, vita vimeisha." Familia nzima ina uhakika.

Ni hapa ambapo mtu anahitaji utulivu. Karanja zilikuwa mbili, zote za kampuni ya meli ya Kiingereza iliyoitwa British India. Ya kwanza ilijengwa 1931 na kuzamishwa kwa mabomu pwani ya Algeria Novemba 1942. Ya pili ilijengwa 1948. Mwaka 1945 hakukuwa na Karanja yoyote baharini. Ama mwaka si huo, ama meli siyo. Uzoefu wangu ni kwamba watu husahau miaka lakini jina la meli hubaki, kwa sababu lilitajwa kila siku njiani, likatajwa tena na kila mgeni aliyefuata. Nikamwambia tusiiguse Karanja kwanza, tuulizie mwaka.

Akampigia shangazi yake Musoma. Shangazi akamwelekeza kwenye sanduku la bati lililokuwa chini ya mashine ya kushonea. Ndani mlikuwa na stakabadhi za kodi, leseni ya biashara, picha mbili za harusi, na pasi ya kusafiria ya India ya wakati wa Mwingereza, ngumu kama kadibodi, na kidirisha kimekatwa kwenye jalada ili jina lionekane. Mende walikuwa wameonja kona moja.

Hivi ndivyo orodha isiyokuwapo inavyozibwa pengo. Leseni ya duka ina tarehe. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa kwanza kinaonyesha lini mama alikuwa Mwanza. Gazeti Rasmi la Kenya, ambalo matoleo yake mengi ya zamani yanasomeka mtandaoni, lilichapisha matangazo ya mirathi na ya walioomba uraia. La Tanganyika lilikuwa na matangazo ya aina hiyo. Nyaraka za Taifa Dar es Salaam na zile za Zanzibar zina mafaili ya wilaya. Magazeti ya kikoloni yalichapisha majina ya abiria, ingawa wa sitaha ni nadra kuwaona humo. Upande wa India, wapo makuhani wa Haridwar wanaotunza madaftari ya koo za Kihindu kizazi baada ya kizazi, na Gujarat wapo watunza nasaba wanaozunguka vijijini na vitabu vyao. Lakini hao wote watakuuliza jambo moja kabla ya jingine lolote: kijiji gani? Bila kijiji hawana ukurasa wa kufungua. Na kijiji hicho jirani yangu hakuwa nacho. Alijua "Porbandar", kama vile mtu wa Misungwi akiwa Dar husema tu anatoka Mwanza.

Tulifungua pasi pale mezani. Muhuri wa Mombasa ulikuwa umefifia, tarakimu ya mwisho ya mwaka imeliwa na unyevu. Tukaupiga picha kwa simu, tukaikuza, tukaongeza giza la picha mpaka mkia wa tarakimu ukajitokeza: 1949. Karanja ya pili ilikuwa imeshaanza kazi. Familia ilikuwa sahihi juu ya meli.

Kisha nikageuza ukurasa wa maelezo ya mwenye pasi. Penye mahali pa kuzaliwa karani alikuwa ameandika neno moja kwa wino wa bluu, herufi zimelaliana: *Ranawao*. Jirani akatikisa kichwa, hajawahi kulisikia. Nikamwambia alisome kwa sauti. Akalisoma mara moja, taratibu. Mara ya pili akaliharakisha kidogo, akanyamaza, akaniangalia.

"Ranavav," akasema. "Bibi alikuwa akikasirika anasema, kwetu Ranavav watoto hawajibu wakubwa hivyo. Nilidhani ni neno tu la kugombezea."

Akachukua simu, akampigia tena shangazi Musoma.